Unasafiri nje na nyumba inabaki Mwanza? Funga kamera mwenyewe hivi

Nilikuwa hotelini Guangzhou, saa moja asubuhi, ndiyo kwanza nimetoka kuoga, simu ikalia: kuna mwendo barazani kwangu Luchelele. Nikafungua programu. Skrini nyeupe tupu, kitu kinatikisika kama mtu anapepea shuka mbele ya kamera. Nikampigia mzee jirani yangu haraka haraka.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka gani, mwanangu? Huku ni saa nane ya usiku."

Nilikuwa nimesahau kwamba China iko saa tano mbele yetu. Mzee akatoka hivyo hivyo, tochi mkono mmoja na panga mkono mwingine, akazunguka nyumba yote, kisha akanirudia kwa simu. "Ni wadudu wa ziwani. Wameifunika kamera yako yote. Lala." Usiku wa pili simu ikalia tena, akatoka tena. Usiku wa tatu hakupokea, na sikumlaumu.

Tangu hapo kila anayeniuliza habari za kamera namwambia aanze na swali moja: simu ikilia, nani atakwenda kuangalia? Kamera haina miguu. Inaazima miguu ya mtu, na mtu huchoka. Karibu kila ninachoeleza hapa kina lengo la kuhakikisha kwamba yule mtu akiamshwa usiku, ameamshwa kwa jambo la kweli.

Hatua ya kwanza: tafuta mtu kabla ya kamera

Watu wawili ni bora kuliko mmoja. Mmoja awe anaishi karibu, wa kufika getini kwa dakika tano. Mwingine awe ndugu mwenye ufunguo wa nyumba, hata kama anakaa Igoma au Kisesa. Kaa nao uso kwa uso, usiwatumie ujumbe tu. Mwambie jirani wazi kwamba humtumi akapambane na mwizi: unamwomba achungulie, awashe taa, apige yowe, na kama kuna jambo apige 112 au amwite mwenyekiti wa mtaa. Usukumani hilo halihitaji maelezo marefu. Huku ndiko sungusungu walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na yowe la usiku bado lina wenyewe.

Mwachie namba zako zote, pamoja na ile utakayotumia ugenini. Mwachie pia vocha. Si haki mtu alinde nyumba yako kwa salio lake.

Hatua ya pili: umeme

Wengi huanza kwa kuuliza kamera ipi ni nzuri. Kwa Mwanza mimi ningeuliza kwanza umeme ukikatika inakuwaje, maana mwizi wa mtaani anafahamu kwamba giza likiingia na kamera imelala.

Anza na LUKU. Tokeni unaweza kununua ukiwa popote duniani, lakini zile tarakimu 20 lazima mtu aziingize kwenye mita kwa mkono. Kama mita iko ndani ya nyumba iliyofungwa, ndugu mwenye ufunguo atalazimika kupanda daladala kwa ajili hiyo tu. Jaza yuniti za kutosha siku zote za safari na ziada juu yake. Chomoa kila kinachokula umeme bure. Friji lililo tupu halina sababu ya kuwaka mwezi mzima.

Kisha nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoendelea kutoa umeme ule wa ukutani ukikatika, ile ya ukubwa wa kitabu yenye matundu ya volti 5, 9 na 12. Usidanganywe na maandishi makubwa ya mAh, kipimo cha ujazo wa betri, kwenye boksi. Yenye mAh 10,000 ina betri ya ndani ya volti 3.7, yaani takriban wati-saa 37, na sehemu ya hizo hupotea njiani. Ruta yangu na kamera moja kwa pamoja vinakula kama wati 9, kwa hiyo napata saa tatu hivi. Kwa katizo la kawaida zinatosha. Ukitaka kuvuka usiku mzima, weka betri kubwa yenye sola, au ununue kamera ya nje yenye paneli yake na laini yake. Hiyo ni ghali zaidi lakini haitegemei chochote kilicho ndani ya nyumba.

Radi za ziwa hili unazijua. Mawingu hujikusanya usiku juu ya maji, na alfajiri mtaa mzima unatetemeka. Pitisha vyote kwenye kilinda umeme, kama kile cha friji, lakini usikiamini kupita kiasi: radi ikipiga karibu hakuna kifaa cha dukani kitakachoizuia. Waya mrefu wa nje unaoingia moja kwa moja kwenye ruta ni mwaliko. Kama kamera iko mbali, kwenye geti kwa mfano, afadhali itumie waifai na umeme wake wa sola.

Hatua ya tatu: intaneti ya nyumbani na bando lake

Kama mtaa wako umefikiwa na nyaya za intaneti za majumbani, hapa huna kazi kubwa. Sisi wengine tunatumia ruta ya laini ya simu.

Kuna hesabu moja ya kuelewa. Kamera inayotuma picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula takriban MB 450 kwa saa, zaidi ya GB 10 kwa siku. Ukiiacha itume usiku na mchana, bando la mwezi litaisha kabla hujamaliza wiki ugenini. Lakini kamera ikirekodi kwenye memori kadi yake yenyewe haitumii bando kwa kurekodi huko. Intaneti inatumika pale unapoichungulia na pale inapotuma arifa au kipande kifupi cha tukio. Kwa hiyo panga hivi: irekodi kwenye kadi, itume picha ya tukio pekee, na wewe ukichungulia chagua ubora wa chini. Kwenye ubora wa nusu megabiti, dakika 10 ni kama MB 38 tu. Kama kamera ina chaguo la H.265, yaani namna mpya ya kubana video, liwashe, kwa ubora uleule inakula karibu nusu ya ile H.264 ya zamani.

Nunua bando la siku 30 siku ile unayoondoka, si wiki moja kabla, na umwachie ndugu kazi ya kununua linalofuata.

Ruta nazo huganda. Ukiwa nyumbani unachomoa na kuchomeka tena, ukiwa ng'ambo hufanyi lolote. Nilinunua soketi yenye saa izime ruta kila alfajiri na kuiwasha tena, nikajiona fundi. Kumbe nyuma yake kulikuwa na ile UPS ndogo: soketi inakata umeme, UPS inashikilia, ruta haijui kama kuna kilichotokea. Ingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe utafute sehemu ya kujizima na kujiwasha kwa ratiba. Ruta nyingi za siku hizi zinayo.

Tena utakutana na maelekezo yanayokutaka ufungue mlango wa mtandao (port) kwenye ruta ili uifikie kamera moja kwa moja kutoka nje. Yaruke. Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya mtandaoni yako peke yako, unashiriki na wateja wengine wengi, kwa hiyo hayatafanya kazi. Na hata yangefanya kazi, ungekuwa umemfungulia kila mpita njia wa mtandaoni. Tumia programu ya kamera yenyewe. Wanaopenda kupitia VPN, ile njia ya faragha ndani ya mtandao, wakumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza watumiaji wa VPN wajisajili.

Hatua ya nne: kamera yenyewe

Sasa ndiyo dukani. Kwa nyumba ya kawaida kamera mbili zinatosha: moja inayotazama geti na njia ya kuingilia, nyingine inayotazama mlango mkuu. Ya nje iwe imeandikwa IP65 au zaidi, isiingize maji. Iwe na nafasi ya memori kadi. Uliza kama inakubali ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za kampuni mbalimbali, maana hapo siku ukibadili kampuni kamera haigeuki pambo.

Memori kadi usibane. Zipo kadi zilizotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, nunua hizo. Na kadi bandia zimejaa: inaandikwa GB 128, uwezo wake halisi ni robo ya hapo, na ikijaa inaharibu kila kitu kimya kimya. Ijaribu kwanza kwenye kompyuta kwa kuijaza faili mpaka mwisho na kuzifungua tena. Kadi halisi ya GB 128, kwa megabiti 1 mfululizo, hubeba siku 11 hivi kabla haijaanza kufuta za zamani.

Huna hela ya kamera? Simu janja ya zamani dirishani inafaa. Pakua programu ya kuigeuza kamera, AlfredCamera kwa mfano, ielekeze uani. Tatizo lake ni betri: simu iliyochomekwa chaja mwezi mzima kwenye dirisha lenye jua huvimba. Iweke kivulini, mbali na pazia, na usiiache hivyo safari ndefu. Usiku nayo haioni bila taa ya nje.

Hatua ya tano: kuifunga

Urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu unatosha. Juu ya hapo unapata picha nzuri za kofia za watu. Chini ya hapo mtu anaing'oa kwa mkono.

Jua la jioni kwetu linazama upande wa ziwa, na mng'ao wa maji ni kama jua la pili. Kamera inayotazama huko kuanzia saa kumi jioni inaona weupe mtupu. Igeuze iupe mgongo ziwa. Usiku kuna kosa la namna nyingine: ile mianga isiyoonekana ya kamera ikigonga bati la mapaa au ukuta mweupe ulio karibu, inarudi kwenye lenzi, na uso wa mtu unageuka doa. Sogeza kamera mpaka ukingo wa bati utoke kabisa kwenye picha.

Halafu mawe. Nyumba zetu zimekaa kati ya miamba, na waifai haipiti kwenye jiwe la ukubwa wa basi. Kabla hujatoboa ukuta, simama na simu mahali kamera itakapokaa, funga mlango, uone mawimbi yamebaki mangapi. Kamera nyingi za bei nafuu zinashika masafa ya 2.4 GHz tu. Kama ruta yako inarusha na 5 GHz kwa jina lilelile, zitenganishe majina wakati wa kuunganisha, la sivyo utashinda unaizungusha mpaka jioni. Na ukumbuke kutazama juu: kama mwamba umeegemea uzio, mwizi atapitia huko, siyo getini.

Waya ukiingia ukutani ulegeze kidogo chini ya tundu, ufanye kitanzi, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani.

Hatua ya sita: wadudu, mijusi na mbuzi

Hapa ndipo nilipomchosha mzee, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wadudu wa ziwani hutoka majini kwa mawingu, hasa karibu na mwezi mwandamo, na huvutwa na mwanga. Wakijaa mbele ya kamera, mianga yake ya usiku inawamulika, buibui wanawafuata, wanasuka utando mbele ya lenzi, na upepo ukiutikisa utando kamera inapiga kelele kwamba kuna mtu. Mjusi naye anakuja kula vyote hivyo. Nina kipande cha video cha tumbo la mjusi, dakika nne nzima.

Dawa niliyoipata ni kuzima mianga ya kamera na kuweka taa ya kawaida ya nje mita tatu au nne pembeni. Wadudu wanakwenda kwenye taa, kamera inabaki na mwanga wa kuonea. Kisha punguza wepesi wa kutambua mwendo, na chora eneo: mlango, ngazi na geti tu, siyo mti wa mwembe wala anga. Kama kamera ina chaguo la kutambua umbo la mtu, liwashe. Halikosi makosa, lakini mbuzi wa jirani hataamsha mtu tena. Weka ratiba, mchana arifa zikae kimya, usiku zilie. Mwombe anayefagia uwanja apitishe kitambaa laini kwenye lenzi kila wiki.

Fanya haya wiki mbili kabla ya safari, sio siku moja. Wiki ya kwanza utapata arifa 40 kwa usiku. Endelea kurekebisha mpaka zifike mbili au tatu. Ukiondoka zikiwa bado 40, jirani ndiye atakayezibeba.

Hatua ya saba: nenosiri, na laini ya kupokelea namba

Badilisha nenosiri la kiwandani kabla ya kitu kingine. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu tu nenosiri za kiwandani, na Oktoba mwaka huo vikatumika kuangusha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Sasisha pia programu ya ndani ya kamera, na kama ruta inaruhusu mtandao wa wageni, kamera zikae huko, mbali na kompyuta yako.

Washa uthibitisho wa hatua mbili. Ila sikiliza kwanza kilichonikuta. Akaunti yangu ya kamera niliisajili kwa laini ambayo nilikuja kuitia kwenye ruta ya nyumbani. Nilipofika Guangzhou nikabadili simu, programu ikataka tarakimu sita, na hizo tarakimu zikaenda kwenye ruta, Luchelele, ndani ya nyumba iliyofungwa. Ruta ina kisanduku chake cha ujumbe, lakini kinafunguliwa na aliye kwenye waifai ile tu. Mdogo wangu akatoka Buzuruga na ufunguo, akakaa sebuleni gizani ananisomea namba, ya kwanza ikaisha muda, ya pili akakosea tarakimu, ya tatu ikakubali.

Basi: akaunti isajiliwe kwa laini utakayosafiri nayo, rominga iwe imewashwa kabla hujaondoka, au tumia programu ya simu inayozalisha namba bila kutegemea ujumbe. Andika zile namba za dharura za kuingilia kwenye akaunti, ambazo programu hukupa, kwenye karatasi uziweke kwenye pasipoti. Kwa wanaokwenda China zaidi: Gmail na WhatsApp zimezuiwa kule, na arifa zinazopitia huduma za Google huchelewa au hazifiki kabisa ukiwa kwenye waifai ya hoteli. Kwa laini ya nyumbani iliyo kwenye rominga kwa kawaida vinapita, kwa hiyo tenga hela ya bando la rominga. Usiseme utajua hukohuko.

Jirani na ndugu wasipewe nenosiri lako. Programu nyingi zina sehemu ya kumshirikisha mtu mwingine kwa akaunti yake. Mpe ruhusa ya kutazama tu. Mzee wangu hana simu janja, yeye tunaelewana kwa sauti.

Hatua ya nane: watu walio ndani ya picha

Kama nyumbani anabaki dada wa kazi, mpangaji au watoto, waambie kamera ziko wapi na zinaona nini. Chumbani na bafuni hapana, hata kwa nia njema. Kamera ya sebuleni, kama unayo, iwashwe tu kama nyumba iko tupu. Nje nako, njia ya watu wanaoteka maji ziwani inapita mbele ya uzio wangu, kwa hiyo nimeifunika kwa kile kiraka cheusi kilichomo kwenye mipangilio. Tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Video ya mpita njia usiirushe kwenye kundi la mtaa ukamwita mwizi. Kama kuna jambo, ipeleke polisi.

Hatua ya mwisho: jaribu ukiwa bado Mwanza

Zima waifai kwenye simu yako, nenda stendi ya Nyegezi au popote nje ya nyumba, ujaribu kuiona kamera kwa data ya simu. Mwache mtu azime swichi kuu ya umeme kwa saa mbili, uone kama picha inaendelea. Kisha zima ruta kabisa, iwashe tena, uone kama kamera inarudi yenyewe bila kuguswa. Kuna zinazosubiri mtu abonyeze kitufe, na hizo zirudishe dukani. Mwambie kijana apite getini usiku, uhesabu sekunde kutoka anapotokea hadi simu yako inapolia. Yangu ni sekunde nane. Mwisho, mpigie jirani muda huohuo uone kama anapokea.

Ukirudi, mfutie ruhusa kila uliyemshirikisha, badilisha nenosiri, zima ya sebuleni. Mzee mimi nilimletea tochi ya kuchaji, yenye mwanga mkali. Aliipokea, akaiwasha kuelekea kamera yangu, akaniuliza kama na hiyo itaniamsha.